Waliothubutu Mapema: Rekodi za Mtaji Unaotafuta Faida na Manufaa

Kati ya fedha zote zilizowahi kuwekezwa Afrika Mashariki kwa nia ya kuleta faida na kuinua maisha ya watu kwa pamoja, ninazozipa nafasi ya kwanza ni dola 325,000 tu. Ulikuwa mkopo ambao Acumen, mfuko ulioanzishwa mwaka 2001 na Jacqueline Novogratz, uliipa A to Z Textile Mills ya Arusha ili ianze kutengeneza vyandarua ambavyo dawa yake hudumu kwa miaka. Sumitomo Chemical ya Japani ilitoa teknolojia yake bila kudai mrabaha. Wakati huo hakuna kiwanda Afrika kilichokuwa kikitengeneza chandarua cha aina hiyo, na hakuna aliyejua kwa hakika nani angevinunua. Baadaye A to Z ikafikia uwezo wa kutoa takriban vyandarua milioni 30 kwa mwaka, ikaajiri zaidi ya watu 7,000, wengi wao wanawake. Katika nyumba nyingi, watoto wawili watatu hulala chini ya chandarua kimoja. Piga hesabu mwenyewe.

Mbegu ndogo iliyozaa huduma kubwa kuliko zote si mtaji wa hisa, lakini siwezi kuiruka. Serikali ya Uingereza ilitoa ruzuku ya karibu pauni milioni 1, Vodafone ikaongeza fedha zake, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa Kenya. Nick Hughes, aliyeibuni akiwa Vodafone, hakuishia hapo. Pamoja na Jesse Moore na Chad Larson alianzisha M-KOPA, iliyoanza kuuza mwaka 2012 taa za sola kwa mtindo wa lipa mdogo mdogo: ulitoa kianzio, kisha ulituma kama shilingi 50 za Kenya kila siku kwa simu, na baada ya mwaka hivi mtambo ukawa wako. Usipotuma, taa ilifungwa kwa mbali. Familia iliyozoea kununua mafuta ya taa ya siku moja moja iliielewa hesabu hiyo mara moja, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa ikiishi.

Mwaka 2023 kampuni hiyo, ikiwa na wateja zaidi ya milioni 3, ilikusanya dola milioni 255. Mwaka mmoja kabla, kampuni ya sola ya Sun King ilipata dola milioni 260 za hisa, miongoni mwa viasi vikubwa kuliko vyote katika biashara ya sola za majumbani. Ukiziweka tarakimu hizi mbili sambamba zinafanana, ila za M-KOPA zaidi ya milioni 200 zilikuwa mkopo. Mwenye hisa biashara ikianguka hasara ni yake. Deni lazima lilipwe, na anayelilipa mwishowe ni yule mama anayetuma malipo yake kila jioni. Ndiyo maana rekodi za mikopo mikubwa sizishangilii sawa na zile za hisa.

Hilo linatufikisha kwenye mojawapo ya faida kubwa zaidi katika historia ya mikopo midogo, na ndiyo rekodi inayonisumbua zaidi. Compartamos ya Mexico ilianza mwaka 1990 kama shirika lisilo la faida, likiwakopesha wanawake wafanyabiashara wadogo. Kati ya 1998 na 2000 wawekezaji, wakiwemo ACCION na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalowekeza katika sekta binafsi, waliweka jumla ya dola milioni 6. Aprili 2007 hisa zikaingia sokoni, na asilimia 30 peke yake ikauzwa kwa takriban milioni 450. Ni sawa na fedha kukaribia kuongezeka maradufu kila mwaka kwa miaka minane. Faida hiyo ilitoka wapi? Wanawake hao walikuwa wakitozwa riba ya zaidi ya asilimia 80 kwa mwaka. Muhammad Yunus, mwasisi mashuhuri wa mikopo midogo, alilaani hadharani, na ninaamini alikuwa na haki. Waliotetea walisema faida ile ingevuta mitaji zaidi kwa maskini. Ni kweli iliivuta, lakini waliokuwa wakilipa riba hawakuulizwa.

Maanguko nayo yapo. Mobisol ya Ujerumani, iliyofunga sola katika nyumba nyingi za Tanzania, Kenya na Rwanda, iliomba ulinzi wa ufilisi mwaka 2019, kisha ikanunuliwa na kampuni ya nishati ya Engie. Copia ya Kenya, iliyowafikishia watu wa vijijini bidhaa kupitia mawakala wenye maduka, ilikuwa imechangiwa zaidi ya dola milioni 100; Mei 2024 ilikosa mtaji mpya, ikawekwa chini ya wasimamizi.

Subira ndefu kuliko zote naiona Kilifi, Kenya. Komaza ilipanda miti ya mbao pamoja na wakulima wadogo, na mwaka 2020 ilipata dola milioni 28 kutoka Novastar, AXA na wengine. Mifuko mingi ya mtaji huahidi kurudisha fedha za wenyewe ndani ya miaka kumi hivi, na huo ndio umri ambao miti mingi ya mbao inaanza tu kufaa kukatwa. Biashara kama hiyo inahitaji mifuko ya miaka kumi na mitano au ishirini, na wanaokubali kuianzisha bado ni wachache.