Mashini Moja, Wagonjwa Wengi



Baba mmoja anakohoa tangu majuma matatu. Anashuka mlima mpaka kwenye kituo cha afya. Muuguzi anamupa kopo ndogo yenye kifuniko: "Baba, utie makohozi humu, tutayapeleka hospitali." Baba anakasirika: "Mimi nimekuja kutafuta dawa. Sasa makohozi yangu yanaenda kutembea wapi?"

Swali lake ni zuri. Tulijibu.

KWA NINI KILA KITUO HAKINA MASHINI YAKE?

Masisi na Walikale ni inchi ya milima, misitu na matope. Mashini kubwa ya laboratwari inaomba umeme usiokatika-katika, mtu aliyejifunza kazi, na vifaa vinavyotoka mbali. Kwa hiyo kituo kidogo kinapima kile kinachoweza, kama malaria kwa tone la damu. Vipimo vingine vinatumwa kwenye hospitali kubwa, ao mpaka Goma. Ni kama mashini ya kusaga muhogo: akina mama wa vijiji vingi wanasagia pale pale, kila mmoja kwa zamu yake.

MASHINI INATAFUTA NINI?

Mwaka 1882, munganga wa Ujerumani, Robert Koch, alionyesha kijidudu cha kifua kikuu (TB). Tangu zamani hizo kinatafutwa kwa mikroskopi, na njia hiyo inasaidia hata leo. Lakini kama vijidudu ni vichache, jicho halivioni. Ili vionekane vizuri, katika mililita 1 ya makohozi vinatakiwa kufika 5,000 hata 10,000.

Mashini inayoitwa GeneXpert inaweza kuvigundua hata vikiwa 130 tu. Inajibu kwa muda wa masaa 2 hivi. Tena inaonyesha kama kijidudu kinashindana na rifampisini, dawa moja ya nguvu ya TB. Ile yenye nafasi 4 inapima wagonjwa 4 kwa mara moja. Kila mgonjwa ana kartushi yake, inayotumika mara moja na kutupwa.

Tena haifanyi kazi kwa ugonjwa mmoja tu. Ukibadilisha kartushi, mashini ile ile inapima wingi wa virusi vya Ukimwi, ao inatafuta Ebola. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200, GeneXpert ndizo zilizotoa majibu hapa Kivu ya Kaskazini. Mwezi wa 8 mwaka 2019 ugonjwa ule ulifika hata Pinga, katika Walikale.

KAZI YAKO WEWE

Mashini haiwezi kurekebisha kazi iliyoharibika mwanzoni. Basi, fanya hivi:

1. Asubuhi, mbele ya kula, sukutua kinywa kwa maji.
2. Enda inje, mbali na watu. Vuta pumzi sana, ukohoe kutoka ndani ya kifua. Mate si makohozi.
3. Tia kiasi cha kijiko kidogo cha chai. Funga kopo vizuri.
4. Angalia kama jina lako limeandikwa kwenye kopo yenyewe, maana kifuniko kinaweza kubadilishwa.
5. Usiweke kopo juani. Ulirudishe kituoni siku ile ile, maana joto linaharibu makohozi.
6. Uliza siku ya jibu, tena urudi. Kama barabara imefungwa kwa vita ao kwa mvua, au umekimbia kijiji, ambia muuguzi wa kituo kilicho karibu pale ulipo.

Ukituma mate, kartushi imepotea, zamu ya mgonjwa mwingine imepotea, na wewe unaweza kuambiwa huna ugonjwa kumbe uko nao. Hapo utaendelea kukohoa katikati ya watoto wako. Na jibu linalolala laboratwari bila mwenyewe halimuponyeshi mtu.

Baba yetu alirudi na kopo, halafu akarudi tena kwa jibu. Ilikuwa TB. Alianza dawa, ambazo ni za bure, naye atazimeza miezi 6 bila kuacha. Muuguzi alimuomba pia alete watoto wapimwe.

Ndugu, kopo ile ndogo ndiyo mwanzo wa dawa. Usiikatae.