Risasi ya Garfield na Mizani ya Bell

Msomaji mmoja ameuliza: kile kifaa cha walinzi kinacholia kikipitishwa karibu na funguo mfukoni, kilianzia wapi? Babu mmoja wa kifaa hicho alijaribiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, jijini Washington, mwaka 1881.

Tarehe 2 Julai mwaka huo Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi katika kituo cha treni. Madaktari waliitafuta kidondani kwa vidole visivyosafishwa, wasiipate. Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu mwaka 1876, akajitolea kuitafuta bila kisu.

Sumaku isingefaa, maana ledi haivutwi nayo. Bell na mwenzake Sumner Tainter walitumia koili mbili bapa za waya. Ya kwanza ilipitishwa umeme wa betri uliokatwakatwa upesi upesi. Ya pili iliunganishwa na simu sikioni. Utamu uko hapa. Koili zikilaliana kidogo, nguvu za sumaku huipenya ya pili zikipanda pale zilipolaliana, kisha hurudi zikishuka katika sehemu iliyobaki nje. Zisogeze polepole hadi kupanda kulingane na kushuka, na simu hunyamaza kimya.

Ni kama timu mbili za kuvuta kamba zenye nguvu sawa: kitambaa cha katikati hakisogei, ingawa misuli imetutumka na visigino vimezama mchangani. Hapo hata mtoto akishika kamba upande mmoja, kitambaa kinahama. Kipande cha ledi ndicho mtoto huyo: kikikaribia, umeme mdogo huzunguka ndani yake na kuzaa sumaku yake, mizani inavunjika, simu inavuma.

Ilivuma kwa risasi iliyofumbatwa mkononi, ikavuma hata kwa askari wa zamani waliokuwa wakiishi na risasi mwilini.

Kwa rais mambo yaligoma. Tarehe 26 Julai simu ilikwaruza tu. Kapasita, sehemu mojawapo ya kifaa, ilikuwa imeunganishwa vibaya. Tarehe 1 Agosti ilivuma kwa unyonge, tena kwenye eneo pana mno. Baadaye Bell akaambiwa kwamba chini ya godoro kulikuwa na jingine la nyaya za chuma. Kubwa zaidi, Dkt. Willard Bliss, aliyeongoza matibabu ya rais, alishikilia kwamba risasi iko kulia, na huko ndiko ilikotafutwa.

Garfield alifariki tarehe 19 Septemba. Mwili ulipopasuliwa, risasi ilikutwa kushoto, nyuma ya kongosho. Bell hakukata tamaa: alibuni pia sindano iliyounganishwa na simu, ambayo hutoa mlio ncha yake ikigusa risasi, na mwaka 1886 Chuo Kikuu cha Heidelberg kikamtunuku shahada ya heshima ya udaktari wa tiba.