Mkungu umelogwa? Acha hizo!

Vijana wa mji kasoro bahari, mkungu mnaupenda kwa kivuli chake. Chini yake panauzwa kahawa, panachezwa bao, na wengine wenu ndipo mlipopeana miadi ya kwanza. Sasa kiangazi kikikolea, majani yanaanza kuwa mekundu kama mdomo wa bibi harusi. Keshokutwa yako chini, mwenye nyumba anafagia huku anasonya. Jirani naye hakosi neno: mti umelogwa huo, ukateni!

Umelogwa wapi? Jani ni la kijani kwa sababu ya klorofili, ile rangi inayonasa mwanga wa jua ili mti upate chakula. Kazi hiyo inataka maji. Udongo ukikauka, mti unafunga duka mapema: unaivunja klorofili, unarudisha naitrojeni kwenye matawi, kisha unaziba njia pale kwenye kikonyo. Umanjano uliokuwa umejificha unatokeza, na mkungu unajiongezea wekundu wake. Jani linadondoka, mti unabaki na maji yake.

Yanawakuta hata Wazungu, ambao majani yao kwa kawaida hungoja baridi ya Oktoba. Julai 2022 joto la Uingereza lilifika nyuzi 40.3, rekodi mpya, na Agosti miti ikapukutika kabla ya wakati.

Lakini kituko chenyewe kiko nje ya mji. Panda basi la Mikumi mwezi wa Septemba au Oktoba, uchungulie dirishani. Miombo imekuwa nyekundu na rangi ya shaba, na mvua bado. Mgeni atadhani majani yanakufa. Kumbe ndiyo kwanza yanazaliwa! Mtondoro na myombo huchipua kabla ya mvua, kwa maji ya akiba na yale ya chini sana. Ule wekundu, wanasema wataalamu wengi, ni mwavuli wa jani changa dhidi ya jua kali. Wiki chache tu, linakuwa kijani. Anayeukata kwa mkaa akidai umekauka, anaua mzazi siku ya kujifungua.

Na Uluguru je? Mashariki yake hupokea upepo wa bahari, mvua tele. Upande wetu wa mjini uko kisogoni mwa mvua, ndiyo maana unapauka mapema. Miti ya huko juu si pambo: Mto Ruvu, unaonywesha Dar, hupata maji yake milimani humo.

Kwa hiyo kabla hujatoa panga, kwaruza gome la kijitawi kwa ukucha. Ukikuta kijani ndani, mti mzima huo. Ukikuta kahawia kavu, jaribu matawi mengine kwanza. Cha kutia wasiwasi ni majani kuwa njano katikati ya masika, au machanga kuwa njano huku mishipa imebaki kijani, maana hapo huenda mti umekosa madini ya chuma. Angalia pia kama fundi hajamwaga oili chafu au zege shinani (hapo mchawi mnamjua). Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko hapohapo mjini, kaulizeni.

Kama ni mkungu wa kiangazi tu, fagieni. Majani mapya yakitoka, kijiwe kinarudi.