Aibu Yetu Ndiyo Mtaji wa Tapeli

Kila Desemba inapobisha hodi, stendi ya Voi huvuma kama mzinga uliochokozwa. Mabasi ya Nairobi humwaga watu usiku kucha, garimoshi huteremsha wengine mchana, na magari ya watalii hufuatana kuelekea lango la Tsavo Mashariki. Wadawida waliotawanyika kutafuta riziki hurejea kuwaamkia wazee wao Wundanyi, Mwatate na Mgange. Wengine nao hushika njia ya pili, wakateremka hadi Mombasa kuiona bahari na kununua nguo za sikukuu. Ni msimu wa furaha. Ni msimu wa mavuno pia kwa mtu mmoja asiyelima wala kupalilia, naye ndiye ninayekusudia kumwandika leo.

Nianze kwa kukiri. Mimi ni mwalimu, nami nimesimama mbele ya wanafunzi miaka mingi nikiwaonya juu ya ulaghai wa mijini. Hata hivyo, mnamo Desemba 2018, pale Mwembe Tayari mjini Mombasa, nilitapeliwa kweupe, jua likiwa utosini, huku mtoto akinitazama.

Mtoto mwenyewe ni mpwa wangu, mwana wa dada yangu, ambaye alikuwa amemaliza Kidato cha Pili na hajapata kuiona Mombasa. Nilikuwa nimemtembeza Ngome ya Yesu na Mji wa Kale, nikimweleza habari za Wareno kwa madaha yote ya ualimu. Tulipofika kutafuta gari la kurudi, watu walikuwa wengi kupita kiasi. Ndipo akatujia kijana aliyevaa kizibao cha kung'aa kama wavaavyo wafanyakazi wa mabasi, kalamu sikioni, kitabu cha risiti mkononi. Hakutuvuta mikono wala kutupigia kelele kama wapiga debe wengine. Alikuwa ametusikia tukizungumza, akatusogelea taratibu, akatusalimu kwa Kidawida.

Tangu hapo nilikuwa nimekwisha. Aliuliza tunatoka pande zipi. Nilipotaja Mwatate alishika kifua, akasema mama yake mzazi ni wa Bura. Sikumuuliza ni wa ukoo gani, wala yuko kijiji gani. Nilifurahi tu kumpata mtu wetu katika msitu ule wa wageni. Nilimweleza hata kazi yangu, maana sisi walimu hatukawii kujitambulisha. "Basi mwalimu," akasema, "magari ya Voi yameisha. Limebaki moja, nalo lina viti viwili tu. Likijaa, wewe na mtoto mtalala hapa." Nikatoa shilingi 1,600. Akaniandikia risiti, akatuonyesha kivuli cha kungojea, akaenda kulileta gari.

Tulingoja mpaka adhana ya alasiri ikalia. Mpwa wangu alikuwa ameinamisha kichwa muda mrefu.

"Mjomba," akasema hatimaye, "risiti ile haina namba ya gari."

"Umeiona sasa hivi?"

"Niliiona ulipokuwa ukilipa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilichelea utasema nakufunza."

Msomaji mpendwa, pesa zile nilizisahau upesi kuliko jibu hilo. Mtoto wa miaka kumi na sita alikuwa na jicho la kuuona ulaghai, bali hakuwa na ruhusa ya kuusema. Na aliyemnyima ruhusa hiyo si tapeli. Ni sisi, tunaomwambia mtoto tangu utotoni kuwa mkubwa hakosolewi mbele ya watu.

Tuliporudi nilifanya kosa la pili, lililo baya zaidi. Dada yangu alipouliza sababu ya kuchelewa na kuishiwa, nilimwambia nimechopolewa pochi katika msongamano. Kuibiwa, nilifikiri, kuna heshima kidogo kuliko kudanganywa. Mpwa wangu alinitazama, akatazama chini, akaitikia, "Ndiyo, mama."

Haikupita wiki, jirani yetu mmoja, mama mjane anayeuza mboga, akarudi kutoka Mombasa mikono mitupu. Alikuwa amekwenda kununua sare za shule za wanawe wawili. Kijana mwenye kizibao cha kung'aa, mwenye mama wa Bura, alikuwa amepokea nauli yake, kisha akamsaidia kuubeba mfuko wa sare "kuutia kwenye buti". Alituhadithia akilia katika sebule ya dada yangu. Nami, mwalimu mzima, nilinyamaza hata hapo. Aliyesema ni mtoto: "Mjomba naye alitapeliwa na mtu huyo huyo." Mama yule akanigeukia. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na ningependa angenilaumu.

Kuna methali tunayoirusha ovyo: wajinga ndio waliwao. Tunaitamka kwa kicheko kila tunaposikia fulani kaliwa pesa mjini. Mimi nimeanza kuichukia, si kwa kuwa imenipiga mimi, bali kwa kuwa inamtumikia tapeli. Mtu akijua kwamba akisimulia atachekwa, hasimulii, na asiposimulia, mwingine anaingia katika shimo lile lile ambalo bado halina hata kijiti cha kuonya.

Jambo hili si la kwetu pekee. Mwaka 1925, mjini Paris, mlaghai mmoja aitwaye Victor Lustig alijifanya ofisa wa serikali, akawaita wanunuzi wa vyuma chakavu, akawaeleza kwa siri kwamba mnara wa Eiffel utabomolewa na kuuzwa. Mmoja wao akalipa. Alipogundua amenunua hewa, mfanyabiashara yule aliona haya kwenda polisi, akanyamaza. Lustig aliposoma magazeti na kuona kimya, alirudi Paris kujaribu kuuza mnara ule ule kwa mara ya pili! Huyo aliyenunua hakuwa mjinga wa kijijini. Alikuwa mtu wa biashara katika mji mkubwa, aliyeharakishwa akakatazwa kuuliza mtu.

Haraka na siri: ukivichunguza vitimbi vyote vya msimu, utavikuta viwili hivyo. Mtazame mcheza pata potea kando ya barabara. Karata tatu zinazungushwa juu ya katoni, na wanaozizunguka wanashinda mmoja baada ya mwingine. Wale washindi wote ni wenzake. Mchezaji wa kweli ni mmoja tu, naye ni wewe uliyesimama na mkoba. Kwenye simu nako, ujumbe unaingia ukisema umetumiwa pesa, kisha sauti ya kunyenyekea inapiga: "Ndugu yangu, nimekosea namba, nirudishie, mgonjwa yuko hospitali." Hukupewa nafasi ya kutazama salio. Litazame kwanza. Pesa zikiwa zimeingia kweli, mwambie afuate njia ya kawaida ya M-Pesa ya kurejesha muamala, ambayo ni kupeleka ujumbe kwa namba 456. Mwenye haki hatakasirika.

Garimoshi la reli mpya, lililoanza kubeba abiria mwaka 2017 na kusimama hapa Voi, limeleta mtego wake. Tiketi za Desemba huisha mapema, ndipo huzuka watu wenye "mjomba aliye ndani ya ofisi" wanaotaka nauli itumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Tiketi ya garimoshi hilo hutolewa kwa jina na namba ya kitambulisho cha msafiri; iliyo na jina la mwingine ni karatasi tu. Hali kadhalika, anayejitolea kukupokelea noti kando ya barabara ili "akuingizie" gari Tsavo kwa bei nafuu anajipokelea mwenyewe, kwa kuwa viingilio vya mbuga za Shirika la Wanyamapori hulipwa kwa mtandao wa serikali. Na sheria ipo. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinamtisha apataye mali kwa hila kwa kifungo kinachofika miaka 3. Lakini kifungu hicho hakiwezi kufanya kazi bila mlalamikaji, na mlalamikaji yuko nyumbani anasema amechopolewa pochi.

Hadi hapa nimesema kana kwamba watu wa Taita Taveta ni wa kudanganywa tu. Nisijipake asali. Voi nayo ni mji wa wageni, na msimu unapopamba moto wapo miongoni mwetu wanaovaa kizibao kile kwa namna nyingine. Ardhi yetu imebarikiwa vito, kikiwemo kile cha kijani kilichopewa jina la tsavorite mwaka 1974 kutokana na Tsavo yenyewe. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka afanyaye biashara ya madini awe na leseni. Kando ya barabara kuu utauziwa vito na mtu asiye hata na kibanda. Mwaka juzi mtalii mmoja mzee, tuliyekaa naye meza moja katika mkahawa, alinionyesha jiwe lake la kijani. Nililiinua kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na viputo vya hewa, na upande mmoja ulikuwa na mbinuko mwororo wa shingo ya chupa. Nilimwambia. Alifikiri kidogo, akalitia mfukoni, akaniomba kwa upole nisimweleze mkewe, aliyekuwa ameenda kunawa mikono.

Nilicheka moyoni, kisha nikamkumbuka dada yangu na ile pochi.

Siku hizi, wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule, siwapi wanafunzi orodha ya maonyo. Nawasimulia habari ya Mwembe Tayari kama ilivyokuwa, pamoja na uongo wangu na mama mwenye sare. Mara ya kwanza nilitetemeka. Wanafunzi hucheka wanapofika pale penye mama wa Bura, nami huwaacha wacheke. Kisha huuliza kama kuna mwenye lake, na ninangoja. Kimya huwa kirefu, mwalimu asiyezoea angekikatiza.

Mwaka jana msichana mmoja wa dawati la mbele alisimama akasema shangazi yake alitumiwa ule ujumbe wa M-Pesa, akarudisha shilingi 5,000 ambazo hazikuwa zimeingia. Mvulana mwingine akasema kaka yake alilipia kiti cha garimoshi kisichokuwepo. Mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, ikanibidi niandike majina ubaoni ili wapeane zamu.

Kengele ilipolia walitoka wote, isipokuwa kijana mmoja aliyebaki akipanga vitabu vilivyokwisha kupangika. Aliponiona namngojea, alitazama mlango.

"Mwalimu," akasema, "lile jiwe la chupa. Mimi na wenzangu ndio huyasaga."

Nikarudisha mlango, nikavuta kiti, nikamwambia akae.