Mpenzi Wako Amekuwa Bubu? Huenda Ni Kazi

Saa tatu usiku, simu inaita. Mume ni mwalimu Chemba. Mke yuko Dar es Salaam, ni mtaalamu wa tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani.

"Umeshindaje, mama watoto?"

"Salama."

"Umekula?"

"Nimekula."

Kimya. "Haya, usiku mwema."

Zamani vocha ilikuwa inaisha wakiwa bado wanacheka. Siku hizi dakika mbili ni nyingi. Mume anaanza kujiuliza: kuna mtu huko Dar?

Huu ni mfano tu, msomaji, lakini kama wewe na mwenzio mnafanya kazi mikoa tofauti, huenda umejiona humo. Na mara nyingi anayeingilia kati si mwanaume mwingine. Ni kazi.

Kazi yenyewe ikoje?

Mgonjwa wa Chemba, wilaya iliyomegwa kutoka Kondoa, akipewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, hupita Dodoma mjini kisha anakata zaidi ya kilomita 400 nyingine. Kwa miaka mingi hapo ndipo palikuwa mahali pekee nchini pa kupata tiba ya mionzi, kabla Bugando ya Mwanza haijaanza. Wengi hufika wakiwa wamechelewa, ugonjwa umeshasambaa.

Tiba hii si sindano ya siku moja. Mgonjwa anaweza kuja siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5 au zaidi. Ukimlaza mtu kwenye mashine mara 25, lazima mtazoeana. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, leo ni ya ngapi?" Unajua ameacha wajukuu kijijini na anakumbuka mlenda wa kwao. Halafu siku moja haji.

Kuna na mashine. Ile ya kobalti chanzo chake hupoteza nusu ya nguvu kila baada ya miaka 5 na ushee. Aliyekaa dakika 2 mwanzoni, baadaye anahitaji 4 kwa dozi ileile. Foleni inarefuka, saa ya kutoka inasogea. Mashine za kisasa za LINAC, zilizofungwa Ocean Road mwaka 2018, hazina shida hiyo, lakini ikisimama moja, wagonjwa wa leo wanarundikana na wa kesho. Na kulipua huwezi, kwani kosa dogo la kipimo linamuumiza mtu.

Ni uvivu, au kuna jambo?

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliuelezea uchovu wa aina hii kuwa ni matokeo ya msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Halikuuita ugonjwa. Dalili zake ni tatu:

• Umekwisha nguvu, hata ukilala wikiendi nzima.
• Moyo umekuwa mgumu. Bibi wa jana leo unamwita "kesi".
• Unaona unachofanya hakisaidii kitu.

Angalia vizuri dalili ya pili. Anayejifunga moyo mchana ili asilie mbele ya wagonjwa, hawezi kuufungua saa tatu usiku eti kwa sababu simu imeita.

Mfanye nini?

1. Badili swali. "Umeshindaje" jibu lake ni "salama". Jaribu: "Leo kipi kimekuchosha zaidi?" Kisha nyamaza, usitoe ushauri.

2. Sema unavyojisikia, siri za mgonjwa ziache kazini. "Leo nimempoteza mtu niliyemzoea" inatosha.

3. Weka mpaka. Nusu saa baada ya kazi iwe yako: oga, tembea, sali. Mwenzio aijue, asipige simu muda huo.

4. Bia si dawa. Inakulaza usiku, asubuhi mzigo uko palepale.

5. Wakubwa wa kazi, hapa ndipo penyewe. Semina ya siku moja na soda haimponyi mtu anayefanya kazi ya watu watatu. Watu waongezwe, zamu zizungushwe, likizo iwe likizo kweli, na timu ikae hata dakika 15 kuzungumza baada ya wiki mbaya. Mtumishi aliyechoka ni hatari pia kwa mgonjwa.

6. Ukiona usingizi umekata kwa wiki kadhaa au unawaza kufa, usisubiri. Muone daktari au mshauri nasaha. Kuwatibu wengine hakukuzuii kutibiwa.

Kwa hiyo wewe uliyeko Chemba, kabla hujaanza kupekua nani kampigia mkeo, mpigie wewe. Akisema "nimechoka", mwamini. Muulize amechoshwa na nini, kisha kaa naye kwenye simu hata kama haongei. Vocha itakayoisha kwa kimya cha namna hiyo haijapotea.