Siku za Mzigo Bandarini

Mfanyabiashara wa shaba wa Lubumbashi ana njia kadhaa za kufikia bahari: Dar es Salaam, Beira, Durban, Walvis Bay, Lobito. Umbali una uzito wake, lakini siku za kusubiri nazo ni fedha. Lori lililopanga foleni lina dereva wa kulipwa, na kontena likichelewa kurudishwa kampuni ya meli inatoza faini.

Mwaka 2013 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba udhaifu wa utendaji katika bandari ya Dar es Salaam, ikilinganishwa na Mombasa, uliigharimu Tanzania na majirani zake hadi dola bilioni 2.6 kwa mwaka.

Mradi mkubwa wa maboresho ulioanza 2017 uliimarisha magati na kuongeza kina hadi mita 14.5. Kazi hiyo ilihitajika sana. Hata hivyo, meli ikishafunga gatini, kasi ya kuipakua hutegemea matengenezo ya winchi, zamu za wafanyakazi na mpangilio wa uwanja. Kontena linalotoka leo likiwekwa chini ya manne ya wiki ijayo, yote manne lazima yahamishwe kwanza.

Oktoba 2023 Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, TPA, ilitia saini mkataba wa miaka 30 wa kuikabidhi kampuni ya DP World uendeshaji wa gati namba 4 hadi 7, ikabaki mwenye bandari. Mjadala ulikuwa mkali, na wenye hofu juu ya mali ya taifa walistahili kusikilizwa. Lakini swali la vipimo vya utendaji lilipata nafasi ndogo mno. TPA ilieleza kuwa utendaji utapimwa kila baada ya miaka mitano. Kwa anayehesabu siku, huo ni muda mrefu. Takwimu zinapaswa kutangazwa kila wiki.

Mombasa imelijaribu jambo hilo. Mwaka 2014 mamlaka ya bandari, forodha, shirika la viwango na wadau wengine walitia saini mkataba wa pamoja wenye ahadi zinazopimika. Mamlaka ya Ukanda wa Kaskazini, inayoratibu njia ya mizigo kutoka Mombasa kwenda nchi za bara, hutangaza muda wa mzigo kukaa bandarini, pamoja na siku zinazopotea baada ya forodha kuuruhusu utoke. Kipimo hicho cha mwisho kinawagusa wenye mizigo wenyewe, maana wapo wanaoacha makontena uwanjani kwa kukosa lori au fedha za kulipia tozo.