Mirathi Inayovuka Mpaka: Yapasayo Kutendwa na Yaliyo Jinai

Ndugu wananchi wa Busia, Malaba na Lwakhakha, mpaka wa Uganda na Kenya uligawa nchi, haukugawa koo. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili. Wagisu wa huku na Wabukusu wa kule huoana na kuzikana. Kwa hiyo si ajabu mtu kufariki akaacha nyumba Uganda, shamba Kenya, na fedha katika simu za nchi zote mbili. Matanga hayajaanuliwa, ndugu wameanza kugombania ng'ombe, na mjane anatakiwa akabidhi hati ya ardhi. Malalamiko hayo hutufikia vituoni, na mara nyingine hutufikia baada ya damu kumwagika. Ndiyo maana tunaeleza hapa sheria inavyosema.

Kwanza ieleweke kwamba polisi hawagawi mirathi. Hatuwezi kumwamuru mtu amwachie mwenzake shamba, wala kumteua mrithi. Kazi hiyo ni ya mahakama. Sisi huingia pale panapotendeka jinai.

Nayo jinai huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mtu asiyepewa mamlaka na mahakama akiuza, akihamisha au akijitwalia mali ya marehemu, ametenda kosa, hata kama ni kaka mkubwa wa marehemu. Nchini Kenya, kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi chaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Nchini Uganda pia ni kosa, na kumfukuza mjane, mgane au watoto katika nyumba waliyokuwa wakiishi na marehemu ni kosa lenye adhabu ya kifungo. Lakini kulipia mazishi, kulisha mifugo na kufunga nyumba isiibiwe si kosa. Huko ni kuhifadhi mali.

Kwa upande wa Uganda, familia ianze kwa kuandikisha kifo na kupata cheti chake. Kisha ifike ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi ikiwa na barua ya mwenyekiti wa LC1. Waombaji wengi huhitaji hati ya ofisi hiyo ya kutokuwa na pingamizi kabla ya kwenda mahakamani kuomba barua za usimamizi. Aliyepewa barua hizo hakupewa mali, amepewa dhamana. Hutakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali katika miezi 6, na hesabu katika mwaka 1. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2022, barua hizo huisha nguvu baada ya miaka 2, mahakama isipoongeza muda.

Marehemu wa Uganda asiyeacha wosia, akiwa na mwenzi, watoto, ndugu waliomtegemea na mrithi wa kimila, mali yake hugawanywa hivi: watoto asilimia 75, mwenzi asilimia 20, wategemezi asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Nyumba ya familia haiingizwi katika mgawo huo; mwenzi na watoto wana haki ya kuendelea kuikaa. Basi anayesema kwamba mila imempa yeye boma lote, sheria haimuungi mkono.

Kwa upande wa Kenya, familia hupata barua ya chifu inayotaja warithi, kisha hufungua shauri mahakamani. Tangazo hutolewa katika Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Kwa kawaida hati huthibitishwa baada ya miezi 6, ndipo ardhi igawanywe. Mirathi ya Mwislamu yaweza kusikilizwa na Mahakama ya Kadhi.

Penye mali pande mbili, kanuni ni hii: ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo. Barua za mahakama ya Uganda haziuzi shamba la Kenya, wala za Kenya haziuzi kiwanja cha Uganda. Hata hivyo, sheria za nchi zote mbili huruhusu hati iliyotolewa upande mmoja kupigwa muhuri na mahakama ya upande wa pili, ndipo itumike huko. Familia imwulize wakili njia hiyo kabla ya kufungua shauri jipya. Uraia nao uangaliwe mapema: katika kila nchi, asiye raia humiliki ardhi kwa kukodisha tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliye hai na aandike wosia, autie sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote humo, na ataje mali za pande zote mbili. Wazee wa ukoo na viongozi wa dini na wawahimize. Nawe uliyefiwa, ukitishwa, ukinyang'anywa hati au ukighushiwa sahihi, fika kituo cha polisi kilicho karibu siku hiyo hiyo, andikisha malalamiko, na uombe namba ya kumbukumbu. Shamba likishauzwa mara tatu, kulirudisha ni kazi ya miaka.